Ndege ya Mkonge

Tanga, tarehe 9 Machi 1913

Dada Penina,

Shikamoo. Mimi ni mzima, natumaini Baba na wote hapo nyumbani ni wazima. Najua miezi miwili imepita sijaandika. Usinune. Mwandiko utauona umepinda kwa kuwa naandika juu ya sanduku, na kalamu yenyewe mbovu. Kazi ni nyingi, tena kazi gani! Msomee Baba polepole haya yanayofuata.

Hapa Tanga amefika Mdachi mmoja na masanduku kumi na moja, na ndani yake mna chombo cha kuruka. Si puto. Ni mbao na kitambaa, kina mabawa mawili kama mwewe, na mtu hukaa katikati. Mbele pana panga la mbao linalozungushwa na mashine, nalo panga likizunguka hukivuta chombo chote mpaka kiache ardhi. Sisi twakiita ndege ya mbao. Huyo Mdachi alikuja kwenye karakana ya Mgiriki ninakofanya kazi, akataka seremala mwenye mkono mwepesi, na Mgiriki akanionyesha mimi. Sasa mimi ndiye ninayechonga mbavu za mabawa. Yana mbavu, dada, nyembamba kama za samaki.

Mwambie Baba hakukosea aliponiruhusu kujifunza useremala misheni badala ya kuchunga.

Mdogo wako,
Anaeli wa Sumari


Nkoaranga, Meru, tarehe 30 Machi 1913

Mdogo wangu Anaeli,

Marahaba. Sisi wazima, mvua imeanza, migomba imesimama vizuri.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa Baba peke yake. Mara ya pili kwa majirani. Mara ya tatu kwa wale waliochelewa. Mara ya nne kwa Loishiye, yule rafiki wa Baba wa huko Moshono wanayebadilishana naye ng'ombe. Loishiye alicheka mpaka akakohoa, akasema mbao ingekuwa inaruka, paa la nyumba yake lingekwisha kuhamia Kilimanjaro. Baba hakucheka. Alimwambia, "Mwanangu hasemi uongo." Loishiye akaomba radhi.

Wote wamekwisha kurudi makwao, mimi nimebaki na maswali. Mabawa hayapigi? Kama hayapigi, ni nini kinachoyashikilia juu? Mkia una kazi gani? Uzito umekaa wapi, mbele au nyuma? Mwewe hapa kwetu nimemtazama tangu juzi hata nikaunguza maharagwe. Akishapanda hapigi bawa, ananing'inia tu.

Nataka kuitengeneza ndogo. Usicheke. Mti nimeupata. Kaburu mmoja kule Tengeru ana ua wa mkonge, na mkonge ukikaribia kufa huchipua kigogo kirefu katikati. Umewahi kukibeba kikikauka? Kimenizidi urefu mara tatu, nikakitia begani kama mwavuli. Ndani ni laini, kisu kinapita bila kusukumwa. Uzi na sindano ninavyo vya darasa la ushonaji. Kilichobaki ni wewe kunieleza.

Dada yako,
Penina


Tanga, tarehe 18 Aprili 1913

Dada Penina,

Shikamoo. Nimecheka, ila kwa furaha. Mwanamke wa Meru kutengeneza ndege!

Haya, nakujibu. Mabawa hayapigi, yamenyooka bapa kama ubao wa meza. Mkia ni mkubwa na mzito, ndio unaokivuta nyuma chini ili kichwa kiinuke kuelekea juu. Bila mkia mzito pua ingechimba ardhi. Kitambaa hupakwa kitu cha kukikaza mpaka kilie kama ngoma ukikigonga. Panga la mbele limepinda kila upande kidogo, upande huu hivi na upande ule vile, kama jani la muhindi lililojisokota.

Mdachi ananipenda. Jana aliniita nikae mahali pake pa kukalia. Nilishika usukani.

Wasalimie wote.
Anaeli


Nkoaranga, tarehe 11 Mei 1913

Mdogo wangu,

Tafadhali mwambie Mdachi wako kwamba mkia mzito umeniangushia ndege mara kumi na tisa. Nimehesabu.

Nilifanya kama ulivyosema. Mwili ni kijiti kimoja cha mkonge, mbavu ni za mwanzi nilioupasua kwa kisu cha jikoni. Gundi amenipa Naeku, binti yake Loishiye, ile inayotoka kwenye migunga ya kwao tambarare. Mabawa niliyafunika kwanza kwa karatasi ya kufungia mbegu, yakawa mazito. Kisha Baba alichinja mbuzi, nikaomba utando wa tumbo. Nimeukwangua, nikaushonea mbichi juu ya mbavu. Ulipokauka ulilia kama ngoma kweli. Hapo ulisema sawa.

Tulikwenda kuirusha Moshono kwa kina Naeku, maana kwetu migomba imejaa kila mahali. Kule kuna mteremko wa majani mafupi. Nikaiachia. Ikainua kichwa kama ulivyosema, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata, ikarudi kinyumenyume ikaanguka kwa mkia. Mara kumi na tisa. Naeku akasema, "Huyu ndege wako amekalia kitu kizito." Ndipo nikakata mkia nusu nzima, nikabandika udongo wa mfinyanzi puani, kidogo, kisha kidogo tena. Ilipokuwa inakaa sawa kwenye kidole changu hapa karibu na ukingo wa mbele wa bawa, nikaiachia. Anaeli, ilikwenda! Haikuanguka, ilishuka kama anayeshuka ngazi. Hatua ishirini na sita.

Jambo la pili. Ule utando ulipokauka sana uliyavuta mabawa, ncha zote mbili zikainuka. Nikalia kidogo, nikadhani imeharibika. Nikairusha hivyo hivyo, ikawa tulivu kuliko mwanzo, upepo ukiisukuma upande inajirudisha yenyewe. Mwewe ninaowaona mimi nao huinua ncha. Basi kwa nini ya Mdachi ni bapa? Na mkia mzito anauwekea nini? Muulize, uniandikie alivyosema, neno kwa neno.

Sasa nataka panga la mbele lizunguke. Nimefikiri, kamba ya ngozi ukiisokota sana ukaiachia hujisokotoa, lakini huchoka upesi. Nahitaji kitu kinachovutika. Nasikia huko kuna mashamba ya mpira. Nitumie kidogo, vipande vyembamba virefu.

Na kuna swali jingine. Herufi zako zimelala kushoto kama nyasi baada ya mvua. Hata sanduku likiwa bovu namna gani, m yako ilikuwa na miguu imesimama. Nani anakuandikia?

Penina


Tanga, tarehe 29 Mei 1913

Dada,

Ninaandika mwenyewe. Nimezoea vibaya tu.

Mpira nimeuweka ndani ya barua, umekunjwa. Mdachi hapendi kuulizwa sana, ndiyo maana sikupata jibu la mkia. Hivi karibuni atakwenda na ndege yake mbali, pengine kwao Ulaya, na anataka nifuatane naye. Nikienda nitakaa sana. Basi msinitazamie, na Baba asiniwekee kile kiwanja cha kujenga. Ampe mwingine.

Hongera kwa hatua ishirini na sita.

Anaeli


Nkoaranga, tarehe 17 Juni 1913

Anaeli,

Barua yako sijamsomea mtu. Nimemwambia Baba unasalimia, basi. Mambo ya kiwanja nimeyaficha.

Kwanza nikupe habari njema. Inaruka. Panga nimelichonga kwa mti wa mringaringa, siku nne, matatu ya kwanza yalipasuka. Mhimili wake ni sindano ya kushonea magunia niliyoipinda, na pale panga linapogusa mwili nimeweka ushanga mmoja wa Naeku ili lisikwaruze. Mpira umefungwa mbele mpaka mkiani. Nililizungusha kwa kidole mara sitini, nikaiweka chini uwanjani, Baba na Loishiye wakiwa wameketi wanaongea habari za mafahali. Ikatambaa. Ikaacha ardhi, mdogo wangu, yenyewe, bila kurushwa na mtu! Ikapita juu ya magoti ya Loishiye, ikapanda mpaka usawa wa paa, ikageuka kushoto, ikaangukia ndani ya zizi, na ndama wote wakatoka mbio. Baba alikwenda zizini mwenyewe, akaitoa kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Ndani yake kuna nini?" Nikamwambia hamna kitu. Akasema, "Hapana. Nataka kuona ndani." Tukakaa mpaka jua likatua nikimwonyesha.

Sasa ya pili. Mpira ule ulinuka dawa. Nilimpelekea Bibi Misheni, unajua yeye huwafunga vidonda wagonjwa. Akaunusa, akasema huu ni mrija wa hospitali, wa kufungia mkono wa mtu asitokwe na damu. Akauliza nani ameukata vipande. Nikasema sijui.

Lakini hata kabla ya mpira nilikuwa nimeanza kujua. Ndege uliyonieleza haiwezi kuruka, Anaeli. Nimeijaribu mara kumi na tisa. Mtu anayechonga mbavu zake kila siku angejua uzito wake uko wapi, kama Baba anavyojua ng'ombe gani ana mimba kwa kumtazama anavyotembea. Hakuna ndege hapo Tanga. Hakuna Mdachi wa masanduku kumi na moja.

Sina hasira na wewe. Nataka kujua tu. Uko wapi, na nini kimekupata?

Dada yako,
Penina


Tanga, tarehe 5 Julai 1913

Dada Penina, barua hii usiisome mbele ya Baba.

Niko hospitali. Si mgonjwa tena, nafagia wodi na kuchota maji, wananipa chakula na mahali pa kulala. Mwezi wa Januari nilikuwa napasua mbao kwenye msumeno wa mashine kule kwa Mgiriki. Mtu aliniita jina, nikageuza kichwa. Kosa ni langu, wala si la aliyeniita. Msumeno ulichukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vilivyobaki. Kidonda kikaoza, nikalala wiki saba, ndiyo ile miezi miwili ya kimya. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimejifunza hapa kitandani kwa kipande cha mkaa juu ya sakafu.

Kwenye ukuta wa wodi wamebandika magazeti ya Kidachi kuziba nyufa. Moja lina picha ya ndege ya mbao. Niliitazama wiki saba, dada, hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Nilizihesabu mbavu zake. Nikaanza kujiona mimi ndiye niliyezichonga. Ilipofika siku ya kukuandikia sikuweza kuandika neno vidole, mkono ukaandika ndege. Gazeti limechanika upande wa nyuma, mkia hauonekani. Mkia niliubuni. Ndiyo maana ulikuangushia yako.

Nilidhani ungesoma, ungefurahi, basi. Sikujua utauliza. Kila barua yako ikifika naifungua kwa hofu, kisha naisoma mara tano, kwa kuwa nami nataka kujua kilichotokea. Ile ya hatua ishirini na sita nilimsomea mgonjwa wa kitanda cha pili, akapiga makofi.

Kurudi siwezi. Baba alinitoa kwenye ng'ombe nikawe fundi. Mimi sasa si fundi, wala ng'ombe simkamui. Jina langu alilisimamia mbele ya Loishiye, na nimelifanya la mwongo. Nitakwenda mashamba ya mkonge huku Pangani, kuna kazi ya uangalizi. Mwambie nimekwenda Ulaya. Huo uwe uongo wa mwisho.

Anaeli


Nkoaranga, tarehe 23 Julai 1913

Mdogo wangu,

Nisikilize jinsi ilivyokuwa, kisha unihukumu.

Tarishi hakunipa mimi barua. Alikutana na Baba njiani, akampa yeye. Baba akaja nayo nyumbani akiwa na Loishiye na watu watatu wengine waliotaka habari za ndege, akaniita nikiwa na unga mikononi. "Soma." Nikaivunja, na unajua nisomavyo, mdomo hutangulia macho. Nikasoma kwa sauti: "Dada Penina, barua hii usiisome mbele ya Baba."

Nikaishusha barua. Watu wote wakatazama chini. Baba akasema, "Endelea."

Anaeli, ningeweza kubuni. Nilikuwa nayo tayari, ndege imepaa, Mdachi amefurahi, Ulaya kuna baridi. Hakuna hata mmoja pale ajuaye kusoma. Nilimtazama Baba, yeye ananitazama mdomo kama alivyoutazama ule mpira ulipokuwa unajisokotoa. Nikasoma. Nimesoma yote, msumeno, wiki saba, mkaa, picha ya ukutani, Pangani. Hata lile neno la kumwambia umekwenda Ulaya nimelisoma. Sikuruka kitu.

Nilipomaliza, Loishiye alianza kusema neno, Baba akainua mkono. Akaniuliza, "Mkono upi?" Nikasema, wa kulia. Akanyanyuka akaenda zizini. Alikaa huko muda mrefu. Nilimsikia akiongea na ng'ombe, lakini maneno sikuyapata. Aliporudi aliuliza gari la moshi huondoka siku gani kutoka Moshi. Loishiye akamwambia, "Sumari, wewe hata Moshi yenyewe hujafika." Baba akasema, "Kwani yeye alizaliwa Tanga?"

Anaondoka leo alfajiri hii. Loishiye atamsindikiza mpaka Moshi, maana anasema hawezi kumwacha rafiki yake aliwe na mashine. Nimewapa ndizi za kuchoma na maziwa. Barua hii itakuwa mfukoni mwa Baba, basi ukiisoma naye yuko mbele yako.

Usikimbie. Amevaa blanketi jipya.

Penina


Tanga, tarehe 31 Julai 1913

Dada Penina,

Shikamoo. Baba amefika juzi.

Nilikuwa nafagia. Nilisikia mtu mlangoni anauliza kwa Kimeru, kwa sauti kubwa kama wote wanakijua, "Mtoto wa Sumari yuko wapi?" Niliuficha mkono nyuma ya ufagio. Akaja moja kwa moja, wala hakunisalimu kwanza. Akauchukua mkono, akaugeuza kiganja juu, akavikunja vile vidole viwili na kuvikunjua, taratibu, kama anavyokagua mguu wa ndama aliyechechemea.

"Unauma?"

"Kukiwa na baridi."

"Kwetu kuna baridi," akasema. "Itabidi uuzoeze."

Ndipo akanipa barua yako. Niliisoma amesimama juu yangu, nikashindwa kumalizia, akakaa chini sakafuni pembeni yangu mpaka nikamaliza.

Kisha alitaka kuona picha. Nikampeleka ukutani. Aliitazama sana, akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mama alipofariki. Akawageukia wagonjwa, nami nikafasiri kwa Kiswahili, akasema, "Huyu mwanangu hajaona ndege ikiruka. Mimi nimeiona. Imepita juu ya magoti ya rafiki yangu na kuingia kwenye zizi langu." Wakadhani mzee amechanganyikiwa na safari. Akaomba mkaa wangu, akaichora sakafuni, na mkia akauchora mdogo, na ncha za mabawa akaziinua. Yule wa kitanda cha pili akaniambia, "Kumbe ni kweli."

Jana alisema, "Nipeleke kwenye huo msumeno." Sikutaka. Tangu Januari sijaikanyaga karakana ile. Tukaenda. Mgiriki akatupisha. Baba alisimama mbele ya msumeno ukifanya kazi, akauliza ukanda unatoka wapi, gurudumu lipi linalizungusha jingine, meno yananolewa kila baada ya siku ngapi. Nilimjibu yote. Nilisahau kuuficha mkono, nilikuwa naonyesha nao. Mwishowe akauliza sanduku langu la vyombo liko wapi. Lilikuwa bado pale kwenye kona, na vumbi juu. Akalitia kichwani.

Nikamwambia, "Baba, randa siwezi kuishika tena. Na misumeno ile midogo sijui kama nitaiweza."

Akasema, "Sikukuuliza." Tukatoka, yeye mbele na sanduku kichwani, mimi nyuma, na mji mzima unatutazama.

Usiniulize mengi bado, sijui nitafanya nini huko. Lakini swali moja ninalo mimi. Ulisema iligeuka kushoto kabla ya kuangukia zizini. Kwa nini kushoto? Panga lako huzunguka upande gani? Nadhani hilo panga ndilo linaloipindua. Usiibadilishe kitu mpaka nifike tuijaribu pamoja.

Barua hii inatangulia na gari la mizigo la leo. Gari la abiria litaondoka keshokutwa asubuhi. Nimemweleza Baba hivyo mara mbili, lakini amekwisha kufunga mzigo wake, ameukalia hapa nje ya wodi, anangoja.

Mdogo wako,
Anaeli wa Sumari